Vidole Vinne

Jani la mnazi huwa na urefu wa mita 4 hadi 6, na katika vijiji vya Kilifi halitupwi. Hukokotwa hadi kivulini, likachambuliwa: majani huku, upongoo kule. Upongoo huchanwa kwa panga kuwa vijiti vyembamba vya mita moja na ushei.

Mama ameketi chini, kijiti mapajani. Anachukua jani, analikunja katikati juu ya kijiti ili ncha zote mbili zining'inie upande mmoja. La pili analilaza likipanda nusu ya la kwanza. Chane ya mwaa inapita chini ya kijiti, inarudi juu, inavutwa. Mkono wa kushoto unabana, wa kulia unashona. Anaongea na jirani yake habari za bei ya unga, wala hatazami kazi. Lakini jani lenye mpasuko vidole vyake vinalijua na kuliweka kando. Hilo ndilo kuti la kiungo. La kumba, linalosukwa bila kung'oa majani yake, hufaa ua kuliko paa.

Juu ya nyumba inayoezekwa, fundi ameshafunga fito kwenye makombamoyo kwa kamba ya usumba. Kamba hiyo nayo ina kazi yake: makumbi ya nazi hufukiwa kwenye matope ya pwani kwa miezi, hupondwa, kisha nyuzi husokotwa kwa viganja. Wengi siku hizi hutumia nailoni. Yeye haitaki, huteleza fundoni, asema.

Anaanzia chini, kwenye mchirizi, ili kila kuti lifunike shingo ya lililotangulia. Kati ya safu na safu anaacha vidole vinne, na anavipima kweli: anaweka mkono kila mara, hata safu zikiwa zimeshakuwa nyingi na mwingine angekuwa anakisia. Analaza kuti, anapima, anapitisha kamba mara mbili, anakaza, analipiga ngumi likae, ndipo anaitisha lingine. Vipaa viwili vinakwenda upesi. Kazi iko kwenye visusi, ambako upana unapungua kadiri anavyopanda. Makuti hukatwa, hukunjwa penye kona, na safu zake sharti zikutane na za kipaa pasiwe na mwanya. Hapo haongei na mtu.

Paa limeinuka kiasi cha nyuzi 45, maji yateremke kabla hayajapenya. Ukiwa ndani mchana huoni hata tundu la mwanga, na bado hewa inapita. Bati halijaliweza hilo.

Paa la vidole vinne na paa la shubiri hufanana Januari. Hutofautiana masika, Machi hadi Mei. Lakini makuti huuzwa kwa idadi, na kuyaachanisha ni kupunguza gharama, kwa hiyo wenye nyumba wengi hushawishika. Ukitaka kuezeka, kabla hujaulizia bei ya kuti, muulize fundi ataacha vidole vingapi.