Paneli Haina Mikunjo

Pazia la kawaida lina huruma. Pindo likishonwa vibaya, mikunjo hulificha. Bomba likiinama upande mmoja, wageni hawaoni. Paneli ya kitambaa inayoteleza kwenye reli huning'inia bapa, wazi kabisa, na kila kosa husomeka. Ndiyo maana nawaheshimu mafundi wanaoifunga ikakaa sawasawa, hasa wanaoitumia kugawa chumba kimoja cha kupanga, kitanda upande huu, makochi upande ule.

Kwanza ni hesabu. Reli ya alumini ina njia kadhaa zilizo sambamba, kila paneli na njia yake, na kingo lazima zipandiane ili macho yasipenye. Paneli 4 za sentimita 60, zikipandiana kwa sentimita 5, hufunika sentimita 225, wala si 240. Zikisukumwa zote upande mmoja, uwazi wa sentimita 165 hubaki.

Kisha kitambaa, na hapa ndipo ninapopenda kusimama nitazame. Kitambaa cha marekani hufuliwa na kukaushwa kwanza, maana pamba husinyaa. Halafu fundi hachori mstari kwa chaki. Huchomoa uzi mmoja wa mshindio, taratibu, kutoka ukingo hadi ukingo, akiusaidia kwa ncha ya sindano unapokatika. Kijia chembamba kinachobaki ndicho mkasi unachokifuata. Kitenge humtega zaidi, kwa kuwa maua yake huweza kuchapwa yakiwa yameinama kidogo dhidi ya nyuzi. Akifuata maua badala ya nyuzi, paneli itajipinda ikishatundikwa. Uvumilivu wa kuchomoa uzi ule mmoja kwangu ni kipimo tosha cha fundi.

Kisha reli hufungwa darini. Dari ya zege hutaka drili na fisha tu. Jipsamu peke yake haiaminiki kwa mzigo unaovutwa kila siku, kwa hiyo fundi huigonga kwa vidole, akisikiliza mahali mlio wa uwazi unapogeuka mzito. Hapo nyuma pana ubao, na hapo ndipo skrubu huingia. Usawa hauchukui kwenye dari, kwani dari yenyewe huenda imeinama. Hujaza maji kwenye mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ncha moja huku na nyingine kule. Maji yakitulia, vimo viwili vimelingana. Panapobaki pengo juu ya reli, hupachika vipande vyembamba vya mbao. Reli isiyo sawa huziachia paneli zitembee zenyewe.

Kitambaa hushikwa kwa velkro kwenye kibebeo cha juu kinachoteleza kwenye reli: upande laini umeshonwa kwenye kitambaa, upande wa vijino umegandishwa kwenye kibebeo. Utepe huo humpa fundi nafasi ya kurekebisha. Akiona ukingo umeegemea kushoto, hubandua kona moja, huisogeza milimita 2, hubonyeza tena, kisha hurudi nyuma hadi mlangoni kuangalia. Nimewaona wakirudia hivyo kwa paneli moja hadi mwenye nyumba akachoka kusubiri, na wao hawakuchoka.

Pindo la chini husubiri. Kitambaa huachwa kining'inie usiku kucha kijinyooshe kwa uzito wake, ndipo hukatwa, hushonwa na kutiwa ufito wa alumini ndani ili upepo wa dirishani usikipeperushe. Chini huachwa sentimita 2, sakafu ipate kudekiwa bila kitambaa kunywa maji.