Bua Lisilo na Jani

Asiyejua huona nyasi tu. Kwenye malisho ya chepechepe ya Uingereza, mmea uitwao Juncus effusus husimama mafungu kwa mafungu, mwaka nenda mwaka rudi, mabua yake yakifikia hata mita moja na nusu. Hauna ua la kuvuta macho. Ndiyo maana namstahi sana mtu awezaye kuutaja bila kubahatisha.

Kazi yake huanzia vidoleni. Bua huviringishwa kati ya kidole gumba na cha shahada. Ndago, ile inayotusumbua mashambani kwetu, ina bua la pembe tatu, na mafunjo vivyo hivyo; hili ni la mviringo, laini, linang'aa. Ndugu yake, Juncus inflexus, ana mifuo inayohisika wazi na rangi inayoelekea buluu. Ubishi ukibaki, ukucha unaumaliza. Pasua bua kwa urefu: kiini cha effusus ni cheupe na kimeungana toka chini hadi juu; cha inflexus kimekatikakatika.

Kiini hicho kisichokatika ndicho kilichowamulikia maskini. Gilbert White, kasisi wa Selborne, alieleza katika kitabu chake cha 1789 jinsi bua lilivyomenywa, likaachiwa ukanda mmoja mwembamba wa ganda wa kushikilia kiini, likakaushwa, kisha likachovywa kwenye mafuta ya nyama yaliyoyeyushwa. Alipima bua moja la sentimita 72 hivi, likawaka dakika 57.

Jani nalo limebaki ala ya kahawia tu kitakoni mwa bua. Maua huonekana yamechomoza ubavuni, kumbe ile ncha iliyo juu yake si bua, ni jani la chini ya maua lililojinyoosha.

Mtihani wenyewe ni ndugu wa tatu, Juncus conglomeratus, ambaye kiini chake pia hakikatiki. Hapo mtambuzi hupapasa chini kidogo ya kishada cha maua, mahali ambapo conglomeratus ana matuta dhahiri. Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliwapa wote watatu majina mwaka 1753, lakini effusus na conglomeratus huzaana, na chotara wao hubeba alama za pande zote mbili. Mtambuzi mwaminifu akikutana na bua la namna hiyo huandika Juncus, akaishia hapo. Uaminifu huo nausifu kuliko wepesi wa kutaja majina.

Nawe ukikuta bua la mviringo lisilo na jani ukingoni mwa maji, usiliite jina lolote kabla hujalipasua.