Kufika bila Kufika: Mwanafunzi Ugenini katika Riwaya ya Cheikh Hamidou Kane

Riwaya ya *L'Aventure ambiguë* ya Cheikh Hamidou Kane wa Senegali ilichapishwa mwaka 1961 na kupata tuzo ya Grand prix littéraire d'Afrique noire mwaka 1962. Wasomaji wengi wa Kenya wameifahamu kwa tafsiri yake ya Kiingereza, *Ambiguous Adventure*, iliyotolewa katika mfululizo wa African Writers Series. Aghalabu wahakiki wameisoma kama mgogoro baina ya imani na akili, yaani Uislamu wa Wadiallobé kwa upande mmoja na falsafa ya Ulaya kwa upande wa pili. Usomaji huo una mashiko, ila umelifunika swali moja la msingi: Samba Diallo, mwanafunzi wa falsafa, anafikaje Paris? Makala haya yanadai kwamba tukio hilo halimo riwayani, na kwamba pengo hilo ndilo ufunguo wa riwaya na papo hapo udhaifu wake mkubwa.

Riwaya imegawika katika sehemu mbili. Katika ya kwanza, Samba yumo mikononi mwa mwalimu Thierno, ambaye humfinya sikio hadi likatoka damu anapoikosea aya. Baadaye Bibi Mkuu, dada yake mtawala, anawashawishi watu wapeleke watoto katika shule ya wageni, ingawa yeye mwenyewe anaichukia. Sehemu ya pili inapoanza, Samba tayari yuko Paris. Amealikwa chakulani kwa wazazi wa Lucienne, mwanafunzi mwenzake, naye anazungumza na mchungaji Martial, baba wa msichana huyo, juu ya Pascal na Descartes kana kwamba amezaliwa mtaa huo. Msomaji haoneshwi siku ya kwanza, wala baridi ya kwanza, wala jinsi kijana alivyopata chumba. Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kitanda cha Samba hakionekani popote.

Hata hivyo ufikaji umo riwayani, ila amepewa mtu mwingine. Karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza, mhusika aitwaye Mwendawazimu anamsimulia mwalimu Thierno siku aliyotia mguu Ulaya. Masimulizi yake ni ya mwili mtupu: sakafu inayong'aa kama kioo, mlio wa viatu juu yake, magoti yanayolegea, hamu ya kuketi. Anapotoka nje, anatafuta kwa macho kipande cha ardhi tupu au unyayo usiovaa kiatu, naye haoni ila ugumu wa mawe. Hakuna ukurasa mwingine katika riwaya unaomweka msomaji ugenini kwa nguvu kama huo.

Kwa nini msanii amempa mwendawazimu ushuhuda huo? Jibu limo katika usawiri wa mhusika mwenyewe. Mtu huyu aliondoka akiwa kijana, akarudi akiwa amevaa koti refu la Kizungu juu ya kanzu, akaeleza kwamba alikuwa nchi ya Wazungu na kwamba alipigana vita huko. Mwanzoni watu walimsadiki. Baadaye walimtilia shaka, kwa kuwa aliyoyasimulia yalipita kiasi. Yamkini wazimu wake ulianza siku ile masikio ya wenzake yalipochoka. Jamii ya Wadiallobé ina nafasi kwa msomi anayerudi na elimu, lakini haina nafasi kwa msafiri anayerudi na hofu ya miguu yake. Kwa hiyo Kane amempasua msafiri mmoja akawa watu wawili: anayefikiri anaaminiwa, na anayehisi anaitwa kichaa.

Mtu anaweza kupinga kwa kusema kwamba Samba hakuhitaji kufika, kwani alikwisha kufika kabla ya safari. Shule ya Kifaransa ilimfundisha Ulaya akiwa bado kwao, na kitabu kilitangulia meli. Hoja hiyo ni nzito, na inaeleza wepesi wake mezani kwa akina Martial. Lakini riwaya yenyewe inaikanusha. Samba anapotembea katika barabara ya Saint-Michel, anaona vitu vingi na watu wachache, umati uliojaa na mtaa mtupu. Hisia hizo ni mwangwi wa maneno ya Mwendawazimu. Mwili wake, uliosahauliwa tangu mwanzo wa sehemu ya pili, unafika wakati huo, ukiwa umechelewa mno. Muda si mrefu baba yake anamwandikia arudi nyumbani.

Kwa mtazamo huu, kifo cha Samba kinapata maana pana zaidi. Mwendawazimu anashikilia kumwita mwalimu na kumdai sala, Samba anakataa, naye anamuua. Wahakiki husema kwamba imani imeiua shaka. Ni kweli, ila ikumbukwe kwamba muuaji na muuawa wametoka katika mitaa ile ile ya ugenini. Nusu moja ya msafiri imeiua nusu ya pili.

Mpango huo ni wa kifundi, lakini umetozwa gharama. Samba wa Paris amekuwa sauti isiyo na kiwiliwili. Mazungumzo yake aghalabu hufanana na mjadala wa darasani, na wahusika wanaomzunguka, kama Lucienne na Adèle, wamechorwa kwa mistari michache. Msomaji huelewa huzuni ya kijana huyu, lakini huona taabu kuishiriki.

Mpasuko huo hauko kwa Kane peke yake. Katika *Mausim al-Hijra ila al-Shamal* (1966) ya Tayeb Salih wa Sudan, msimulizi anarudi kijijini baada ya miaka saba ya masomo Uingereza, na ufikaji wake huko hausimuliwi. Ufikaji unaosimuliwa ni wa Mustafa Sa'eed, mtu aliyeua na kufungwa. Mwanafunzi wa kawaida tena ananyimwa ushuhuda. Ni Ama Ata Aidoo wa Ghana aliyeuvunja utaratibu huo katika *Our Sister Killjoy* (1977). Sissie wake hana wazimu wala hatia. Katika stesheni ya Frankfurt anamsikia mwanamke akimtaja kwa rangi yake, na papo hapo anaziona rangi za ngozi zinazomzunguka. Huko London anawatazama wanafunzi Waafrika na kuona jinsi nguo zao zisivyofaa kwa baridi. Kwa Aidoo, kuhisi na kufikiri ni kazi ya mtu mmoja.

Nathari ya Kiswahili ina urithi wake katika jambo hili. Selim bin Abakari, ambaye safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896 ilichapishwa na Carl Velten katika *Safari za Wasuaheli* (1901), na Martin Kayamba katika *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza* (1932), hawakuwa wanafunzi, lakini waliandika kwa macho yaliyo wazi juu ya nchi walizozikuta. Adam Shafi, katika tawasifu yake *Mbali na Nyumbani* (2013), ameipa nafasi safari ya kijana wa Unguja aliyetoka kutafuta elimu. Riwaya ya Kiswahili itakayomsawiri mwanafunzi ng'ambo haina budi kuanzia hapo: kumpa mtu mmoja kitabu na viatu, hoja na baridi, na kumwekea nyumbani msikilizaji asiyemwita kichaa. Thierno alimsikiliza Mwendawazimu hadi mwisho. Samba hakupata hata ukurasa wa kuisimulia siku yake ya kwanza.