Msumeno wa Meza Kolwezi: Usalama Unaoanzia kwa Fundi wa Kuchomelea

Msumeno wa meza ni mashine ambayo diski yake yenye meno, iliyofungwa kwenye shafti chini ya meza, huchomoza juu kupitia ufa mwembamba na kupasua ubao unaosukumwa kuielekea. Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, karakana nyingi ndogo zinazotengeneza milango, vitanda, majeneza na mbao za kumiminia zege hazitumii mashine iliyotoka kiwandani, bali meza iliyoundwa na fundi wa kuchomelea: fremu ya vyuma vya pembe, bamba la chuma juu yake, shafti yenye beringi mbili, mkanda, puli na mota. Ufundi huo si wa kudharauliwa katika mji uliokuzwa na migodi ya kampuni ya Union Minière na baadaye ya kampuni ya Gécamines. Hata hivyo, kwa kuwa meza ya namna hiyo haikupitia kiwanda chochote kinachobanwa na viwango, sehemu kubwa ya usalama wa seremala huwa imekwisha kuamuliwa kabla hajawasha mashine, pale fundi chuma anapochagua kipi kifungwe na kipi kiachwe. Mkataba namba 119 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1963, unaohusu kinga za mashine, unalitazama jambo hili kwa jicho hilohilo, maana haumbebeshi mzigo mwajiri peke yake, bali pia muuzaji, mkodishaji na mtengenezaji anayeuza mashine isiyo na kinga.

Uamuzi wa kwanza wa fundi huyo ni kasi. Mota ndogo zinazotumika sana, zikiendeshwa kwa umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, huzunguka karibu mara 2,850 kwa dakika, kiasi kwamba jino la diski yenye kipenyo cha milimita 300 iliyofungwa moja kwa moja hukimbia mita 45 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Fundi akiweka puli ya milimita 150 kwenye mota na ya milimita 100 kwenye shafti, mizunguko huongezeka kufikia karibu 4,275, na jino hukimbia mita 67 kwa sekunde. Kila diski ya kuaminika huchongwa ubavuni idadi ya juu ya mizunguko inayoihimili, na namba hiyo ndiyo inayopaswa kuchagua puli, wala si puli iliyookotwa chakavuni kuiamulia diski.

Wengi hudhani kwamba hatari kuu ni kidole kuteleza na kugusa meno. Ajali iliyo mbaya zaidi, ambayo mara nyingi ndiyo inayokipeleka kidole kwenye meno, ni ubao kurushwa nyuma. Meno ya mbele ya diski hushuka yakiukandamiza ubao mezani, lakini meno ya upande wa nyuma hupanda juu. Ikitokea ubao ukapinda kidogo kutoka kwenye mwongozo, yaani reli inayouelekeza, au ukajifumba nyuma ya diski, meno hayo yanayopanda huunasa, huunyanyua na kuutupa kumwelekea aliyesimama mbele, huku mkono uliokuwa ukiusukuma ukipoteza kitu cha kushikilia na kuangukia diski. Tukio lote huisha kabla mtu hajapepesa jicho, ndiyo maana ushauri wa kuwa makini, ingawa si mbaya, hautoshi hata kidogo.

Mbao za Lualaba zenyewe huchangia. Nyingi hupasuliwa msituni kwa msumeno wa mnyororo au kwa msumeno mrefu wa watu wawili, hivyo hufika mjini zikiwa na kingo za mawimbi na unyevu mwingi; ubao wa namna hiyo haulali sawasawa mezani wala hauegemei mwongozo kwa urefu wake wote. Mkaratusi una tabia ya ziada, kwamba mti wake hukua ukiwa umebeba mkazo mkubwa ndani ya shina, na mkazo huo hufunguka mara tu unapopasuliwa, vipande viwili vikitanuka kama mkasi au vikibanana juu ya diski. Mulombwa, ambao Tanzania huitwa mninga, hutulia vizuri zaidi ukikauka, lakini mteja anayedai mlango kwa harusi ya wiki ijayo mara chache humpa seremala muda wa kuukausha. Kwa hiyo ukingo mmoja hunyooshwa kwanza kwa randa, au ubao hupigiliwa juu ya ubao mwingine ulionyooka ambao ndio utakaoteleza kwenye mwongozo, na misumari yake hukaa mbali na njia ya diski.

Dawa ya ubao unaojifumba ni kisu cha kutenganisha, bamba la chuma lililosimama nyuma ya diski, likiwa limekatwa kwa mkunjo unaoifuata, ambalo huingia ndani ya mkato na kuzuia pande mbili zisiyabane meno. Unene wake ndio siri yake: lazima uzidi unene wa mwili wa diski lakini uwe chini ya upana wa mkato, kwa mfano milimita 2.5 kwa diski yenye mwili wa milimita 2.2 na meno yanayokata milimita 3.2. Pengo kati yake na meno, likipimwa usawa wa meza, lisizidi milimita 8. Katika meza nyingi za kuchomelewa shafti haisogei, na kimo cha mkato hubadilishwa kwa kuinua au kushusha bamba la juu. Hapo kisu hufungwa kwenye fremu iliyobeba shafti, kwa sababu kikifungwa kwenye bamba kitapanda na kushuka nalo na kuiacha diski. Hiki ndicho kifaa kinachokosekana zaidi, na kukosekana kwake hakuna udhuru: chuma chake ni kipande kidogo, na kazi yake haizidi saa chache za mtu anayejua kukata na kusaga.

Mwongozo nao hupimwa kutoka kwenye jino moja lilelile, kwanza likiwa mbele na kisha, baada ya kuzungushwa kwa mkono umeme ukiwa umekatwa, likiwa nyuma. Nafasi ya nyuma ikiwa finyu kuliko ya mbele, ubao utasukumwa kwenye meno yanayopanda. Kwa mbao zenye mkazo, kipande kifupi cha ubao hufungwa juu ya mwongozo na kuishia karibu na katikati ya diski, ili kilichokwisha kukatwa kipate mahali pa kutanukia. Milimita 300 za mwisho za ubao husukumwa kwa kijiti, si kwa vidole, na msukumaji husimama pembeni ya mstari wa diski bila glovu, kwani meno hunasa kitambaa na kuvuta mkono mzima. Msaidizi anayepokea ubao nyuma, desturi iliyoenea sana, hapaswi kuuvuta, na meza irefushwe ili ukingo wake wa nyuma uwe angalau mita 1.2 kutoka kwenye diski.

Umeme wa Kolwezi unadai sura yake. Mji huu ndio mwisho wa njia ya umeme kutoka mabwawa ya Inga, yenye urefu wa takriban kilomita 1,700 na iliyokamilika mwaka 1982, tena una mabwawa ya Nzilo na Nseke jirani yake, lakini mitaa yake haijanusurika na mgawo wa umeme. Mashine iliyofungwa swichi ya kawaida ya ukutani huzimika umeme ukikatika, seremala huuacha ubao ndani ya diski na kwenda zake, na umeme ukirudi diski huanza kuzunguka yenyewe. Swichi inayofaa ni ile yenye koili ya sumaku inayoshikilia viunganishi: umeme ukikatika koili huviachia, na mashine haiwaki mpaka mtu abonyeze tena.

Ipo pia kinga ya kisasa zaidi: nchini Marekani, mvumbuzi Steve Gass alibuni mwaka 1999 mfumo wa SawStop, unaohisi mguso wa mwili kwa umeme na kuisimamisha diski ndani ya milisekunde 5. Ubunifu huo ni wa kusifiwa, lakini ubao mbichi sana unaweza kuuamsha bila sababu, na kila unapofanya kazi huharibu breki yake na mara nyingi diski pia. Kwa karakana inayopasua mbao zenye maji, kisu cha kutenganisha kitaokoa zaidi kwa gharama ndogo.

Linabaki vumbi. Vumbi la mbao liliwekwa mwaka 1995 kwenye orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, na la mulombwa huwasha pua na kuamsha pumu. Meno ya diski nayo yana vumbi lake, maana ncha zake ngumu ni kabidi ya tangsteni iliyoshikamanishwa kwa kobalti, madini yaleyale yanayochimbwa Lualaba. Anayezinoa kwa jiwe kavu huvuta hewani mchanganyiko unaojulikana kuharibu mapafu. Hivyo kazi hiyo hufanywa kwa maji yanayotiririka juu ya jiwe, nje ya chumba wanamokaa wengine, na barakoa ya vumbi ikiwa usoni.