Maji Yaliyokataa Kupwa

Kisa cha kununuliwa kwa Kilwa Kisiwani, katika Kitab al-Sulwa, kitabu cha historia ya Kilwa, hukumbukwa kwa zile nguo: mgeni kutoka Shiraz anatoa nguo za kutosha kukizunguka kisiwa kizima, kisiwa kinakuwa chake. Wengi huishia hapo. Mimi naona ufundi wa mwandishi uko katika sentensi chache zinazofuata.

Muuzaji anavuka kwenda bara, moyoni ana nia ya kurudi kuua na kupora. Mwislamu aliyekuwa akiishi kisiwani anamwonya mnunuzi. Watu wanachimba mkondo ambao zamani ulivukwa kwa miguu maji yakipwa, bahari inaujaza. Hapo mwandishi anatuhamisha: anatusimamisha bara, kando ya muuzaji, anayengoja maji yapwe kama desturi. Sisi tunajua, yeye hajui. Maji hayapwi. Anarudi kwao na majuto.

Hakuna lango wala upanga. Nguvu ya kisa imo katika mpangilio wa vitenzi: kuonya, kuchimba, kurudi. Badilisha nafasi za hivyo viwili vya mwisho, nawe unasoma habari ya mauaji. Tena adui hakuhitaji werevu wowote. Alikuja kwa njia aliyoizoea, njia iliyokuwa halali yake hadi juzi.

Nakala ya kitabu hicho iliyoandikwa Unguja mwaka 1877 imehifadhiwa London, katika Maktaba ya Uingereza. Oktoba 2023 wadukuzi waliivamia maktaba hiyo, na orodha yake ya vitabu haikurudi mtandaoni hadi Januari 2024. Taarifa iliyotolewa na maktaba yenyewe Machi 2024 ni ya ukweli unaostahili heshima. Inataja seva iliyowekwa Februari 2020 ili mafundi na washirika wa nje waingie wakiwa mbali. Seva hiyo haikudai uthibitisho wa pili baada ya nywila. Lakini isome taarifa hiyo kwa jicho lile lile la kutazama mpangilio wa vitenzi. Hatari ya washirika hao wa nje ilitajwa 2022. Mapitio yalipangwa 2024. Wavamizi wakaja 2023. Na penye uamuzi wa kuiacha baadhi ya milango bila ulinzi huo, kitenzi kinapoteza mtendaji wake: iliamuliwa. Katika kisa cha Kilwa anayeonya anasimama mbele ya anayeonywa, na waliosikia wanashika kazi.

Kwa hiyo chuo kikuu kinachowaandikia watumiaji wake mwongozo wa kufikia faili kwa mbali kina cha kujifunza hapa. Mwanafunzi wa akiolojia aliyeko Kilwa Masoko, anayetuma picha za magofu Dar es Salaam, aambiwe waziwazi kwamba FTP ya zamani hupeleka nywila na faili bila kuzisimba, na yeyote aliye njiani anaweza kuzisoma. SFTP husimba vyote viwili. VPN isiyo na mipaka humwingiza mtu katika mtandao mzima, basi mkandarasi anayehitaji folda moja apewe folda hiyo tu. Uthibitisho wa pili udaiwe kwa wote, wakuu wa idara wakiwemo.

Na katika mwongozo huo, sentensi ya kufunga akaunti ya mkandarasi iandikwe kwa kauli ya kutenda: nani anaifunga, siku gani, kabla mkataba haujaisha. Tarehe hiyo ijazwe kwenye fomu siku ile ile akaunti inapofunguliwa.