Kuvunjika Moyo na Misukosuko ya Usanii katika Nyimbo za Siti binti Saad

Sehemu hii inachunguza namna machungu ya Siti binti Saad yanavyojitokeza katika mashairi aliyoyaimba. Hoja inayotetewa ni kwamba machungu hayo yasitafutwe kwanza katika nyimbo za mapenzi zenye nafsi ya kwanza, bali katika tungo ambamo utu wa mtu unapimwa na kuhukumiwa.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia ya watumwa, akapewa jina la Mtumwa. Aliuza vyungu kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911. Kuanzia mwaka 1928, sauti yake ilirekodiwa Bombay katika santuri. Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wake, anayaona maisha hayo kuwa kielelezo cha jitihada na tabia njema. Mwelekeo huo umewavutia wasomaji kuzichukua nyimbo zake kama shajara. Hata hivyo, mashairi ya kundi lake yalichangiwa na wanakundi wenzake, na "mimi" wa taarab ni nafsi ambayo kila msikilizaji anaweza kuivaa. Kwa hiyo, wimbo wa kuachwa na mpenzi hauthibitishi kwamba mwimbaji mwenyewe aliachwa.

Ushahidi imara zaidi umo katika majibizano yaliyozuka umaarufu wake ulipokuwa ukipanda. Mahasidi walimwimba kwa jina, wakauliza amekuwa mtu lini, wakamkumbusha kaniki aliyoingia nayo mjini, na kudai kwamba bila sauti asingepata riziki. Kaniki ilikuwa vazi la watumwa na mafukara. Hivyo kejeli hiyo ilimrudisha mwanamke huyo kwenye utumwa, ambao hadhi yake ya kisheria ilikuwa imekwisha kufutwa tangu mwaka 1897. Jibu lake linasema kwamba uzuri wa sura na ukuu wa nasaba si hoja; hasara ya mtu ni kukosa akili.

Mambo matatu yanastahili kuzingatiwa katika jibu hilo. Kwanza, neno "mtu" la watukanaji linarudi, lakini kipimo chake kimebadilishwa: badala ya asili na mavazi, utu unapimwa kwa akili. Pili, mahasidi walikuwa wamemwachia sauti peke yake. Naye haitaji kabisa sauti. Anakataa kuwa koo tu, anadai kuwa mtu mwenye fikra. Tatu, hakuna "mimi" wala jina la mtukanaji. Jeraha limegeuzwa kuwa kanuni inayowahusu wote, na fumbo linamrudia aliyelianzisha. Ukimya huo kuhusu nafsi yake hauonyeshi kwamba hakuumia. Unaonyesha alivyokataa kuwapa mahasidi furaha ya kuyaona maumivu yake.

Mkondo huohuo unaonekana katika wimbo wa Kijiti, unaohusu mauaji ya mwanamke mgeni aliyekuwa mjamzito. Muuaji anavuka salama, huku wanawake waliotoa ushahidi wakitiwa hatiani. Siti hakuwa mhusika wa kesi hiyo. Hata hivyo, swali lililoulizwa dhidi yake, kwamba ni nani ahesabiwe kuwa mtu, ndilo linaloulizwa hapa dhidi ya mahakama: neno la mwanamke wa tabaka la chini lina uzito gani? Uhusiano huu ni wa kidhamira. Si dai kwamba wimbo unaeleza kisa chake binafsi.

Inahitimishwa kwamba uhakiki wa kiwasifu unafaa pale tukio linapojulikana na shairi linaposomwa kama tendo ndani ya tukio hilo. Ukianzia kwenye shairi ili kubuni maisha, unarudia kosa la mahasidi: kumfanya Siti kuwa sauti inayolia, na kumnyang'anya akili inayotunga na kuchagua.