Nyuzi Zilizofika Osaka

Kule Tunduma, ambako muziki wa Nakonde, upande wa Zambia, huvuka mpaka bila pasipoti, kijana anayejipima vidole kwa roki ya Kijapani huenda hajui kwamba gitaa la Tanzania liliwahi kutua Japani. Mwaka 1970 bendi ya Morogoro Jazz ilitumbuiza kwenye maonyesho ya Expo 70, Osaka. Mpiga gitaa la solo alikuwa Mbaraka Mwinshehe.



Katika bendi kama hiyo, gitaa la ridhim hushika mwendo, besi hutembea chini, solo hupanda kwenye nyuzi nyembamba na kujibizana na mwimbaji. Mbaraka aliimba na kujijibu mwenyewe, na hapo ndipo wengi wanaomwiga hukwama. Mwaka 1973 aliunda bendi ya Super Volcano. Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari Mombasa. Anayetaka mtihani mgumu wa gitaa aanze na nyimbo zake.